Kibuyu cha Maji Juu ya Tumbo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha siku chache kabla, na kahawa yote ya Mugutha ilikuwa imechanua kwa pamoja. Wewe hujawahi kuona kitu kama hicho. Hapo palipo na maduka ya saruji na magorofa ya kupangisha, palikuwa na safu za kahawa mpaka macho yachoke, na siku hiyo kila tawi lilikuwa jeupe. Harufu ya maua yake ni tamu, inakaribia asumini, na huingia ndani hata ukifunga mlango. Mimi nilikuwa nimelala chali juu ya ubao, siwezi kugeuka, nikinusa maua na kulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Maumivu yalikuwepo, lakini sikulia kwa ajili ya maumivu. Nililia kwa sababu nje, kwenye jua, wifi yangu Wairimu alikuwa amembeba mtoto wangu mgongoni akimwimbia, na mtoto alikuwa anacheka.

Nilisomewa ujumbe wako jana. Unasema mgongo unakuuma mwezi wa nane sasa, pale chini karibu na kiuno, na kwamba huko mtaani Kahawa Wendani unashinda kwenye kiti mbele ya kompyuta kutoka asubuhi hadi jioni. Umenunua mkanda wa kufunga kiuno, umenunua dawa ya kupaka, na sasa unataka kuomba likizo ukalale mwezi mzima. Ndiyo maana nimemwita huyu msichana wa jirani akae hapa aandike ninavyosema. Macho yangu hayaoni herufi tena. Andika vile vile ninavyosema, msichana, usinirekebishe.

Turudi nyuma kidogo. Niliolewa Mugutha nikitoka upande wa Thika. Mume wangu Njoroge alifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi huko huko Thika, akirudi nyumbani Jumamosi kwa baiskeli, ananuka magadi na ngozi mbichi, maskini, hata sabuni haikusaidia. Siku zilizobaki nilikaa na mama yake, aliyeitwa Nyambura, na huyo binti yake Wairimu. Nyambura alikuwa mkunga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na wanawake wa vijiji vitatu walimwita usiku na mchana.

Siku nilipoletwa, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni mbele ya wanawake wote, akasema, "Kiuno chembamba hiki." Basi. Akaenda kukoroga uji. Wanawake walicheka kidogo, na mimi nikacheka nao, lakini maneno hayo matatu yaliingia ndani yangu yakakaa.

Ni lazima nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana nyinyi mnanunua gesi. Wakati ule mwanamke alisomwa kwa mzigo wake. Tulikwenda kutafuta kuni ng'ambo ya mto, tukizifunga na kuzibeba mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaozunguka mzigo na kupita juu ya utosi. Ukimwona mama mzee wa zamani ana mfereji kichwani pale mbele, ujue ni alama ya mukwa. Tulirudi kwa mstari mmoja, tumeinama, na kando ya njia walikuwako wanawake wanaopalilia, nao waliinua macho. Hawakutazama uso. Walitazama kuni. Ukipita na mzigo mdogo ungesikia mmoja akikuuliza kwa upole kabisa, "Leo unampikia ndege?" Na jina hilo lingekufuata mpaka mavuno.

Kwa hiyo nikabeba. Kila nilipokwenda nilibeba kupita wenzangu, nikarundika kuni kando ya mlango mahali ambapo mama mkwe hangeweza kupita bila kuziona. Alikuwa akizitazama na kunyamaza. Nikafikiri kunyamaza ni kuridhika, na safari iliyofuata naongeza.

Kisha nikazaa. Mtoto wa kwanza alikuwa msichana, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo akaitwa Nyambura. Bibi yake alimsemea kana kwamba anajisemea mwenyewe. Alikuwa akimchukua mapajani na kutuambia, "Leo nimeota jino," au "Leo nimekataa uji." Kabla ya hapo sikuwahi kusikia mzaha kinywani mwake. Baada tu ya kuzaa nilipewa njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na uji wa wimbi, nikaambiwa nikae ndani nipumzike mpaka nguvu zirudi.

Sikukaa. Wiki ya tano mama mkwe aliitwa mbali kwa mwanamke aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, na mimi nikachukua mukwa nikashuka mtoni. Wairimu aliniambia, "Mama akijua atanipiga mimi." Nikamwambia ashike mtoto. Nilifunga mzigo ambao hata kabla ya kuzaa nisingeuthubutu, nikaketi, nikapitisha mukwa juu ya kichwa, nikajisukuma kuinuka. Kitu kiliachia pale chini ya kiuno. Hakikupiga kelele. Kiliachia tu, na joto likashuka mpaka kwenye tako. Nikatembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, na kwenye palizi nilikuwa natabasamu ili wanawake wanione.

Niliendelea kubeba, nikificha. Usiku nalala kwa upande mmoja, asubuhi naamka kwa kushika ukuta. Hadi siku moja niliinama kumchukua mtoto, mtoto tu, na sikuinuka. Nilibaki nimekunjwa pale pale, mikono imemfikia lakini haimnyanyui, na yeye ananitazama usoni akingoja.

Njoroge alinipeleka Thika kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Siwezi kukusimulia njia ile, kila jiwe nililijua. Dresa wa zahanati, yule msaidizi wa kufunga vidonda, alinibonyeza mgongo, akafunga kiuno changu kwa shuka nene akaikaza, akasema nilale chali juu ya ubao mgumu wiki sita, nisiinuke ila kwa haja. Ndivyo walivyofundishwa wakati ule, simlaumu. Alikuwa mtu mpole na alisema kile alichojua.

Basi nikalala. Nataka nikuambie kuhusu kulala, kwa sababu ndiko unakotaka kwenda. Siku za kwanza ni nzuri. Mwili unashukuru. Nilisikiliza filimbi ya treni ikitoka Ruiru, nikasikia inavyopungua, na kabla haijaisha nimesinzia. Niliota niko Thika kwa mama yangu, nasikia maporomoko ya maji, na nikiamka yalikuwa ni matone ya mvua kwenye migomba. Sikujua tena lini ni asubuhi na lini ni alasiri. Moshi ulipanda ukatoka kwenye nyasi za paa, panya akapita juu ya boriti, mtu akaingia akaniwekea chakula akatoka. Nilianza kujihisi kama kitu kilichowekwa humo ndani na wenyewe wakasahau. Miguu ilipungua. Nilipojaribu kuinua kichwa, tumbo langu lilitetemeka kama la mtu mwenye homa, na mgongo bado uliuma, tena zaidi.

Na mtoto alikuwa ananiacha. Mwanzoni aliletwa, ananyonya, ananishika pua. Halafu akaanza kunyonya haraka na kugeuka kumtafuta Wairimu. Mtoto anamjua anayembeba, mwanangu. Anajua mgongo kwa harufu na kwa jinsi unavyotembea. Jioni moja wakamlaza kando yangu, akanitazama, akalia, akanyoosha mikono miwili kwa Wairimu. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Sijawahi kuumia hivyo, si kwa mgongo, si kwa kuzaa.

Ndiyo asubuhi hiyo ya maua. Mama mkwe aliingia akiwa na miguu yenye umande, maana alikuwa anatoka kuzalisha, akavuta kigoda akaketi karibu na kichwa changu.

"Unalia nini?"

"Mgongo, maitu." Ndivyo nilivyomwita, kama mama yangu.

"Mgongo ulikuuma jana na hukulia."

Nikamwambia. Nikasema Nyambura hanijui tena, kwamba atakua akimwita Wairimu mama, na kwamba nisipoweza kumbeba sijui mimi ni nani katika nyumba hii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Zile kuni ulikuwa unambebea nani?"

"Wewe."

"Nilikutuma?"

"Ulisema kiuno changu ni chembamba."

Alijifuta umande miguuni. Nje Wairimu alikuwa bado anaimba. Nilidhani amekasirika, lakini alipofungua kinywa sauti yake ilikuwa chini.

"Nilisema, ndiyo. Siku nilipoletwa hapa mimi, mama yake mume wangu aliniambia maneno hayo hayo, mahali pale pale. Nikabeba mpaka nikavunjika. Nilitambaa nyumba hii kwa magoti msimu mzima. Na wewe ulipokuja, yakanitoka mdomoni kabla sijayafikiri. Halafu nikaona ule mzigo wako mlangoni, nikanyamaza, kwa aibu yangu mwenyewe." Alishika shuka iliyonifunga kiuno akaanza kufungua fundo lake. "Nimekosa. Lakini wewe pia ni mjinga. Nilisema kiuno ni chembamba, sikusema ulete msitu."

Nikacheka, na kicheko kikaniuma, nikalia tena. Alinifuta uso kwa upindo wa shuka. Tangu niolewe alikuwa hajawahi kunigusa uso.

Alisema shuka hiyo ilikuwa inafanya kazi ya tumbo langu, na tumbo lilikuwa limelala usingizi. Aliniwekea vidole viwili chini ya kitovu. "Mwanamke akizaa, hapa panalegea. Anayelala tu, panalegea. Mgongo unabaki peke yake unashika nyumba nzima, na unachoka, unaanza kulia. Watu wanaupaka dawa. Mgongo hauna kosa." Alifundishwa hayo na mkunga mzee aliyemtoa yeye kwenye magoti, na huyo mkunga alikuwa amejifunza kwa kushika matumbo ya wanawake maisha yake yote.

Halafu akasema jambo ambalo nataka ulishike. Aliniuliza kama miguu imekufa ganzi, kama kuna ganzi kati ya mapaja, kama mkojo unatoka wenyewe au unakataa kutoka. Nikasema hapana. "Ingekuwa hivyo," akasema, "ningekurudisha Thika leo hii hii, kwa kukubeba. Hayo si yangu."

Alinishusha kutoka kwenye ubao akanilaza kwenye ngozi ya ng'ombe, karibu na mlango, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Akachukua kibuyu kilichokatwa nusu, akakijaza maji, akakiweka juu ya tumbo langu. Jua la asubuhi liliingia mlangoni, likapiga maji, na juu kwenye nyasi za paa kukatokea doa la mwanga linalocheza.

"Unaona lile?"

"Naona."

"Pumua nje polepole, na uvute kitovu kiende kwenye mgongo. Usikaze shingo, usizuie pumzi. Lile doa litulie."

Doa halikutulia. Lilirukaruka. Alikuwa ameweka punje kumi za kahawa mkononi mwangu, na kila pumzi moja nihamishe punje moja kwenda mkono wa pili. Nilifika punje ya nne, jasho linanitoka, kwa kupumua tu. Yeye alikaa kwenye kigoda akimenya viazi, hanitazami, anatazama paa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sitakudanganya kwamba ilikuwa haraka. Kila asubuhi jua likifika mlangoni nilikuwa pale, na doa langu. Siku zile zimechanganyika kichwani mwangu sasa, siwezi kuzitenganisha. Nakumbuka mwanga, harufu ya maua ikipungua na ya majani mabichi ikianza, sauti ya kisu kwenye viazi. Wakati mwingine nilihisi siko kwenye ngozi ya ng'ombe, niko juu kule kwenye nyasi, ndani ya lile duara dogo, na mwili ulioko chini ni wa mtu mwingine anayenipumulia. Kisha mama mkwe angesema, "Umelala," na doa likaruka.

Doa lilipotulia kwa punje zote kumi, akaniambia niinue unyayo mmoja kidogo kutoka chini, niurudishe, kisha wa pili, na maji yasimwagike. Yalimwagika. Tulikaa hapo siku nyingi. Baadaye akaondoa kibuyu akanifundisha kuinua kiuno, mabega na nyayo zikibaki chini, nikaze matako, nikae juu pumzi tatu, nishuke taratibu mfupa mmoja mmoja. Hapo niliona haya sana, mbele ya mama ya mume wangu. Akaniambia, "Nilikuona ukizaa, unaficha nini?" Akanifundisha pia kulala kwa ubavu, niegemee kiwiko, magoti yamekunjwa, niinue kiuno kutoka chini. Hilo nililichukia, na hadi leo silipendi.

Kila siku nilitembea. Mwanzo mpaka kwenye choo na kurudi, kisha mpaka mwisho wa migomba, kisha mpaka safu ya kwanza ya kahawa. Kiuno changu hakikufungwa tena na kitu.

Wiki ya nne nilijiona nimepona. Mama mkwe alipokwenda sokoni Ruiru nikafanya mazoezi yote mara tatu, nikainua na mtungi wa maji. Jioni nilikuwa chini tena, nimekunjwa. Aliporudi alinitazama kwa jicho lile la siku ya kwanza.

"Umeanza kunibebea kuni tena," akasema.

Hakugomba zaidi ya hapo. Akanipumzisha siku mbili tu, siku mbili, si wiki sita, kisha akarudisha kibuyu tumboni na punje kumi, tukaanza pale mwanzo. Nilitaka kukataa. Nilimwambia nimechoka, kwamba mtoto ataanza kutembea kabla sijambeba. Akasema, "Akitembea, atakuja kwako kwa miguu yake. Pumua."

Sasa sikiliza, hili ndilo ninalolipenda. Kulikuwa na zoezi la mwisho. Nipige magoti na viganja chini, kama mwanamke anayesaga kwenye jiwe, mgongo uwe sawasawa, na kibuyu cha maji kiwekwe pale kiunoni. Kisha ninyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, pole pole, nirudishe, nibadilishe. Kibuyu kisianguke. Mama mkwe hakuwa na huruma juu ya maji yale. Tone moja likidondoka, "Rudia."

Asubuhi moja niko hivyo, mkono mbele, mguu nyuma, kibuyu kimetulia kabisa, na nilikuwa nimeingia katika ule utulivu wangu ambamo sisikii kitu. Nikahisi pumzi kwenye kiwiko. Mtoto alikuwa ametambaa kutoka kwa Wairimu. Aliingia chini yangu kama anavyoingia chini ya meza, akaketi hapo, akanitazama tumbo, akacheka peke yake. Sikusogea. Akatoka upande wa pili, akashika nguo yangu, akajivuta, akaweka goti kwenye shavu la mguu uliobaki chini, halafu kwenye nyonga. Alikuwa anapanda. Nilisikia Wairimu akisema, "Mama, mtoe," na mama mkwe akisema, "Mwache."

Alipanda mwenyewe mpaka juu. Kibuyu kikapinduka, maji ya baridi yakanitiririka ubavuni, na mtoto akalaza shavu lake katikati ya mgongo wangu akashika kwa mikono miwili. Uzito wake wote ulikuwa pale pale palipoachia. Nikavuta kitovu, nikapumua nje, na mgongo ukashika.

Mama mkwe aliendelea kumenya viazi. "Hayo maji," akasema, "leo acha yamwagike."

Kuanzia siku hiyo nilimbeba Nyambura. Kwanza kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, kisha hadi mtoni. Kuni pia nilibeba tena, lakini mzigo wa kiasi, na kabla ya kuinuka navuta kitovu, nainuka kwa mapaja. Kwenye palizi mwanamke mmoja akaniuliza kama nampikia ndege. Nikamwambia ndiyo, ndege wawili, mmoja mzee na mmoja mdogo. Akarudi kwenye jembe lake.

Miaka mitatu ikapita. Ilikuwa masika tena, njia ni tope, Njoroge yuko Thika. Mama mkwe alikuwa anarudi kutoka kuzalisha ng'ambo, akateleza kwenye mawe ya mtoni, akategua kifundo cha mguu. Wairimu alikuwa ameshaolewa. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe, mguu umevimba, mfuko wake wa ukunga mapajani, na mvua imeanza kumnyeshea. Kilima kilikuwa kirefu. Aliniambia niende nikaite wanaume kambini kwenye shamba la kahawa.

Nikageuka, nikachuchumaa mbele yake. "Panda, maitu."

"Utavunjika."

"Panda."

Nilimfunga kwa shuka yangu kama nilivyomfunga yule mdogo. Nikaweka nyayo, nikapumua nje, nikainuka. Alikuwa mzito, sitasema vinginevyo, ingawa alikuwa mkavu. Tulipanda polepole. Kahawa ilikuwa imechanua pande zote mbili, mvua inaangusha maua njiani, na nilikuwa nakanyaga weupe. Nilisikia moyo wake ukigonga nyuma yangu. Karibu na sehemu ya mwinuko mkali akaweka mdomo kwenye sikio langu akasema kwa sauti ile ya kwenye kigoda, ya kumenya viazi, "Vuta kitovu."

"Nimevuta."

Nikapanda hatua chache. Kisha, "Mimi na zile kuni zako, nani mzito?"

"Kuni, maitu."

"Muongo wewe." Akacheka. Nilikihisi kicheko chake mgongoni mwangu kabla sijakisikia, pale pale chini, na hapakuuma. Mbele ya nyumba alikataa nimshushe. Alisema nisimame kidogo, akatazama ule mlango ambapo nilikuwa nikirundika mizigo yangu, ambapo na yeye alisimamishwa akiwa bibi harusi. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa changu, pale panapopita mukwa, akakiacha hapo. "Kiuno hiki," akasema, na hakumaliza.

Nimewapokea wake za wanangu watatu katika nyumba yangu. Kila mmoja alipofika mlangoni nilimwambia kitu kimoja: weka chini ulichobeba, uketi, ule. Maneno yale mengine yalikwisha na sisi wawili.

Sasa wewe. Usilale mwezi mzima. Kwanza nenda ukaonwe na daktari, umweleze kama kuna ganzi au udhaifu miguuni, na kama mkojo au choo kimebadilika usingoje hata kesho. Akikuambia huna hilo, fungua mkanda wako uuweke kando. Tandika blanketi sakafuni karibu na dirisha lako, asubuhi jua likiingia, ulale chali magoti yamekunjwa, uweke bakuli la maji tumboni. Tafuta doa la mwanga darini. Pumua nje, vuta kitovu, litulize. Ukiweza hilo ndipo uinue nyayo, ndipo uinue kiuno, ndipo upige magoti unyooshe mkono na mguu. Kidogo, kila siku, siku unayojisikia vizuri na siku usiyojisikia. Kiuno kikikuchoma sana acha, rudi hatua moja nyuma, usione haya. Inuka kwenye kile kiti kila mara utembee hata mpaka mlangoni. Na jiulize, kama nilivyoulizwa mimi, ni nani unayembebea. Huenda ni mkubwa wako kazini ambaye hakukutuma, au neno ambalo mtu alilisema zamani na yeye mwenyewe amelisahau. Ukimjua, nenda ukaongee naye.

Njoo Jumapili nikuone. Nitakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyobariki, utavumilia, ni kidogo tu. Kwa leo napuliza mate kidogo hapa kwenye karatasi, na wewe msichana usifute. Mungu akupe mgongo unaoshika, mwanangu. Akupe mtoto wa kukupanda mgongoni mwenyewe bila kuitwa, na siku moja, mvua ikinyesha na kilima ni kirefu, akupe mtu umpendaye wa kumbeba, naye awe mzito, na usimwambie.